Walipoamua Kuanza Moja

Mpwa wangu alikuwa na miaka 13 alipovuta boksi kutoka chini ya kitanda changu, akatoa toleo moja la komiki ya Flash la 1994 kwenye mfuko wake wa plastiki, akalifungua taratibu kama nilivyomfundisha, kisha akaniuliza: "Mjomba, huyu mwenye nywele nyekundu ni nani?"

Nikamwambia ni Wally West. Ndiye Flash.

Akanyamaza kidogo. Dada yangu amemlea mwanawe vizuri, hawezi kumbishia mkubwa hivi hivi. "Lakini Flash ni Barry, mjomba," akasema mwishowe. "Wally hayuko."

Ilikuwa baridi ya mwanzoni mwa 2012, hapa Columbus, Ohio, na mtoto alikuwa anasema kweli. Miezi michache kabla ya siku ile, DC Comics, kampuni inayochapisha komiki hizo, ilikuwa imefuta sehemu kubwa ya historia ya mashujaa wake na kuanza moja. Wally niliyemfuata tangu ujana wangu hakuuawa na adui, wala hakustaafu. Katika hadithi mpya hakuwemo kabisa, na hakuna mhusika hata mmoja aliyeuliza yuko wapi.

Nimeishi na jibu la yule mtoto miaka yote hii. Watu wakisikia kwamba mtu mzima amekasirika kwa sababu hadithi ya Superman imeanza upya, hudhani ni ukaidi wa mtu asiyetaka mabadiliko. Nataka kueleza kinachouma ni nini hasa.

Nilifika Marekani 1993 nikitokea Mombasa, nina miaka 18, na Kiingereza changu kilikuwa cha darasani. Karibu na tulipokaa palikuwa na duka la komiki lenye maboksi ya bei ya chee mlangoni, kitabu kimoja senti 25. Nyumbani nilikuwa nimewahi kuziona moja moja kwa wauza vitabu vya mitumba, hazina jalada, hazina mwisho. Unamwacha Superman amefungiwa na kriptonaiti, jiwe linalomnyima nguvu, ukurasa unaofuata umechanika, basi unabaki kuimaliza mwenyewe kichwani. Hapa niliweza kujua kilichofuata. Ningeweza kurudi Jumatano, siku ambayo matoleo mapya huingia madukani, na kukuta hadithi imesogea hatua moja.

Kumwelewa Wally lazima umjue kwanza Barry Allen. Barry ni mkemia wa polisi aliyepigwa na radi katikati ya chupa za kemikali mwaka 1956 akawa mtu mwenye kasi kuliko wote. Wally, mtoto wa kaka wa mchumba wake, akapata kasi ile ile mwaka 1959, akawa msaidizi wake. Mwaka 1985 Barry alikufa akiiokoa dunia, na Wally akavaa nguo za marehemu mume wa shangazi yake. Yeyote aliyewahi kukabidhiwa kazi ya marehemu anajua uzito wake. Kila unachofanya watu wanakipima kwa aliyetangulia, na wewe mwenyewe ndiye mpimaji mkali kuliko wote.

Mashujaa wengine hawakui. Wally alikua. Toleo lake la kwanza kama Flash, mwaka 1987, ana miaka 20, ameshinda bahati nasibu, ana majivuno na domo refu. Akafilisika. Akakutana na Linda Park, mwandishi wa habari wa televisheni, ambaye mwanzoni hakumpenda hata chembe. Wakaoana. Mwaka 2005 wakapata mapacha, Jai na Iris. Mimi nami katika miaka hiyo nilioa, nikapata mtoto, nikapoteza kazi, nikapata nyingine. Sikuwa nasoma habari za mtu wa kubuni tu. Nilikuwa na mwenzangu wa kwenda naye miaka.

Huwa najiuliza kwa nini sisi wa pwani, tuliolelewa na hadithi zisizo na hesabu, tuumizwe na jambo hili. Abunuwasi hana umri. Leo sufuria yake imezaa, kesho imekufa, na hakuna anayeuliza kisa kipi kilitangulia. Fumo Liongo wengine husimulia kwamba alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, wengine husema ni mpwa wake, na msimulizi wa kila upande husikilizwa mpaka mwisho. Mbona Superman asisimuliwe hivyo?

Jibu nililolipata liko kwenye kinyota. Ukifungua komiki za zamani utakuta shujaa anasema, "Mara ya mwisho tulipopambana ulinitoroka," na pembeni ya maneno yale pana kinyota kidogo. Chini ya picha mhariri ameandika: tazama toleo namba fulani. Nilikuwa nakiona kinyota kile naenda kuchimba maboksi wiki tatu mpaka nilipate toleo lenyewe. Kampuni yenyewe ndiyo iliyotufundisha kuhesabu. Ilitia namba kwenye kila jalada, ikatia mwezi, ikatutuma turudi nyuma tukathibitishe. Kukumbuka kukawa sehemu ya kusoma. Abunuwasi hakuwahi kumwomba mtu awe shahidi wake. Hawa walituomba, miaka na miaka, halafu siku moja wakatuambia hakukuwa na tukio.

Ukweli ni kwamba hata kufuta kuna aina zake, na ya kwanza kubwa inastahili kusimuliwa polepole.

Mwaka 1961, katika toleo namba 123 la Flash, Barry Allen alikutana na Jay Garrick, Flash wa zamani aliyeanza 1940. Wanakutanaje watu wawili wenye jina moja, mmoja akimjua mwenzake kama mhusika wa komiki alizosoma utotoni? Mwandishi Gardner Fox akasema ziko dunia mbili. Wazo likapendwa, dunia zikaongezeka. Kufika miaka ya 1980, kwa hesabu ya wakubwa wa DC, dunia zilikuwa nyingi mno na msomaji mgeni alikuwa akipotea mlangoni. Ndipo Marv Wolfman na mchoraji George Pérez wakapewa matoleo 12, kati ya 1985 na 1986, wazigonganishe zote ibaki moja.

Jalada la toleo la saba analijua kila mtu wa komiki, hata asiyesoma ndani. Superman amesimama, kinywa wazi, machozi yanamtoka, mikononi amebeba mwili wa Supergirl, binti ya ami yake. Nyuma yake mashujaa wamejipanga kama watu walio mazishini. Supergirl alikufa akimwokoa Superman. Katika toleo linalofuata akafa Barry.

Sasa angalia kilichotokea baadaye. Barry alikumbukwa. Wally alimtaja karibu kila mwezi. Ikawa matanga ya miaka 23, mpaka waandishi wakamfufua 2008. Lakini mwaka 1986 John Byrne alipopewa kazi ya kumwanzisha Superman upya, agizo lilikuwa kwamba awe yeye peke yake aliyenusurika Krypton, sayari yao iliyoangamia. Kwa hiyo hakuna ami, na hakuna binti ya ami. Yule msichana aliyefia ulimwengu, ulimwengu alioufia haukuwa na habari kwamba aliwahi kuishi. Superman aliyelia kwenye jalada hakujua tena alimlilia nani.

Barry alikufa, lakini Supergirl alifutwa, na hakuna aliyemkalia matanga.

Isipokuwa mtu mmoja. Mwaka 1989 DC walitoa kitabu maalumu cha Krismasi, na ndani yake mwandishi Alan Brennert akaweka hadithi fupi ya Deadman, roho ya mwanasarakasi Boston Brand, ambaye huingia kwenye miili ya watu ili atende mema. Usiku ule Boston amechoka. Anaona uchungu kwamba anahangaika, lakini hakuna anayejua wala wa kumshukuru. Anatokea mwanamke mwenye nywele za dhahabu, anaweza kumwona, anakaa naye. Anamwambia, kwa maneno yangu mimi, kwamba jambo linatendwa kwa sababu linahitaji kutendwa, hata kama hakuna atakayelikumbuka. Boston anamuuliza jina. Anajibu kwamba ni Kara, ingawa hadhani jina hilo litamwambia kitu.

Basi, hadithi inaishia hapo. Kara ndilo jina la Supergirl.

Niliikuta kwenye boksi la senti 25 mwaka 1996 nikaisoma nimesimama, koti bado limelowa theluji. Nilielewa kwamba Brennert alikuwa mmoja wetu. Alipitisha matanga kwa mlango wa nyuma, ndani ya kitabu cha sikukuu, ya mtu ambaye rasmi hakuwahi kuwepo.

Kati ya hapo na 2011 palikuwa na kuanza upya kwingine, kukubwa na kudogo. Marvel nao, washindani wa DC, ambao hujivunia kwamba hawafuti, mwaka 2007 walimfanya Peter Parker, yaani Spider-Man, aitoe ndoa yake kwa shetani Mephisto ili shangazi yake, Aunt May, asife. Ndoa ya miaka 20 ikaondoka usiku mmoja, na wako wasomaji ambao tangu siku ile hawajanunua tena Spider-Man. Siwalaumu.

Tarehe 31 Agosti 2011 ilikuwa Jumatano. Siku hiyo lilitoka toleo la mwisho la hadithi iitwayo Flashpoint, ambamo Barry anairekebisha historia na kuirudisha si vile ilivyokuwa, na siku hiyo hiyo likatoka Justice League namba 1, komiki ya kwanza ya historia mpya. Mwezi uliofuata DC walitoa komiki nyingine 51, zikatimia majina 52, yote namba 1. Action Comics ya Superman, iliyoanza 1938 na kufika namba 904, ikawa namba 1. Detective Comics ya Batman, iliyofika 881, namba 1. Dukani kwetu watu walijaa ambao hatukuwahi kuwaona, na lazima niseme kweli: mwenye duka alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka. Kodi ya pango ilikuwa imemkaba. Wageni wale walinunua.

Sisi wazee wa pale tulisimama upande wa kaunta na hesabu zetu. Tuliambiwa kwamba katika historia mpya mashujaa wameonekana hadharani miaka mitano tu. Mzee mmoja, msomaji tangu miaka ya 1960, aliomba kalamu akageuza risiti yake. Batman, akaandika, alishakuwa na Robin, yaani msaidizi wake, wanne: Dick, Jason, Tim na Damian. Jason alikufa akafufuka. Damian ni mwana wa Batman wa kumzaa, ana miaka 10. Akachora mistari, akagawa miaka mitano kwa wanne, akaitazama risiti, akaikunja akaitia mfukoni. Hakusema neno. Kwa Batman hawakutaka kufuta kwa sababu alikuwa akiuza vizuri, kwa Superman walifuta, na kuta za nyumba hazikukutana.

Superman alikuwa mume wa Lois Lane tangu 1996. Akawa hajawahi kumuoa.

Lakini lililonifunza zaidi si la kwangu. Alikuwako dada mmoja mteja wa pale, anatumia kiti cha magurudumu, na aliyempenda kuliko wote alikuwa Barbara Gordon. Barbara alikuwa Batgirl, shujaa wa kike wa upande wa Batman, akapigwa risasi na Joker, adui wa Batman, katika hadithi ya 1988, miguu ikapooza. Aliyemwandika vile hakuwa na mpango wowote naye baadaye. Ni John Ostrander na mkewe Kim Yale waliokataa kumwacha pale sakafuni. Mwaka 1989 wakamrudisha kama Oracle, bingwa wa kompyuta na habari ambaye mashujaa wote, hata Batman, walimtegemea. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa kichwa cha wote, akiwa kwenye kiti.

Mwaka 2011 Barbara akatembea. Batgirl namba 1. Mwandishi alikuwa Gail Simone, aliyemwandika Oracle miaka mingi kwa mapenzi, na aliifanya kazi ile kwa uangalifu: hakufuta risasi, hakufuta kiti, alimwacha Barbara na hofu zake. Wasichana wengi walimpenda. Yule dada alilishika toleo lile, akalisoma kurasa mbili tatu pale pale, akalirudisha kaunta. Akasema: "Wanadhani wamemponya." Alimwomba mwenye duka afute jina lake kwenye orodha ya wanaowekewa matoleo. Nilimsaidia kufungua mlango. Sijamwona tena dukani.

Ningeweza kuishia hapo, nikiwa na haki upande wangu wote. Ila nyumbani kwangu alikuwako yule mtoto.

Dada yangu na mwanawe walikuja 2010. Mwaka wa kwanza mpwa wangu alikuwa mkimya shuleni, lafudhi ikichekwa. Nilimpeleka dukani Septemba 2011, kwa shingo upande, nikamwambia achague kimoja. Akachukua Action Comics namba 1, ya mwandishi Grant Morrison na mchoraji Rags Morales. Superman yule hana suti ya kung'aa. Amevaa fulana, jinzi na mabuti, na kashuka fupi nyekundu begani. Ni kijana maskini, amepanga chumba, tajiri mla rushwa anamtetemekea. Kuna mahali mpira wa chuma wa kubomolea unaligonga jengo bovu ambamo bado wanaishi watu, naye anaingia kati. Vifaru vinakuja. Ndipo wale watu wa jengo, wasio na kitu, wanatoka na kusimama mbele yake kumkinga.

Mpwa wangu aliirudia kurasa zile mpaka zikalegea. "Hawana karatasi, pengine," aliniambia usiku mmoja, "lakini wamesimama." Sikuwahi kuwaza hivyo. Mimi nilikuwa nimeona fulana tu na kukasirika kwamba mke wake wamempeleka wapi.

Kwake ule ndio ulikuwa mwanzo. Hakuhitaji kinyota. Alihesabu moja, mbili, tatu, kama mimi nilivyohesabu kwa Wally, na kila mwezi tulikwenda pamoja.

Miaka mitano ikapita. Mauzo yalishuka, wasomaji wa zamani hawakuwa wamerudi, na DC wakaamua kurudisha walichokitupa. Tarehe 25 Mei 2016, Jumatano, likatoka toleo maalumu la Rebirth, kurasa 80 kwa dola 2.99. Nililisomea kwenye gari, nje ya duka, kwa sababu sikuweza kungoja.

Wally yumo. Amenasa nje ya wakati, na anajaribu kuwatokea watu waliompenda, mmoja mmoja, ili yeyote amkumbuke, kwani akikumbukwa ndipo atakapoweza kurudi. Anamtokea Linda. Linda anamwangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni barabarani, kwa hofu kidogo. Kila anayemkosa, anazidi kuyeyuka. Mwisho anamwendea Barry, si kuomba msaada tena, bali kuaga na kushukuru. Na anapoanza kupotea kabisa, Barry anatamka jina lake. Anamshika mkono anamvuta. Wanakumbatiana, na Barry analia akiuliza angewezaje kumsahau.

Nililia, mtu wa miaka 41, injini imezimwa. Geoff Johns aliyeiandika ndiye aliyeandika pia Flashpoint, na sikuona ajabu. Pengine na yeye alikuwa na deni.

Nikaingia nyumbani na mfuko mkononi, nimechangamka, nikamkuta mpwa wangu mezani jikoni. Ana miaka 17 sasa, sauti ya kiume. Mbele yake Superman namba 52, lililotoka siku hiyo hiyo, amelinunua mwenyewe akitoka shule. Superman wake, wa fulana na jinzi, amekufa ndani yake. Aliishiwa nguvu, mwili ukawa majivu. Na nafasi yake anaichukua Superman wa zamani, mwenye ndevu kidogo, mume wa Lois, na mtoto wao wa kiume. Wangu.

"Wako amerudi, mjomba," akasema. Hakusema kwa chuki. Aliniambia kama mtu anayemfikishia mwenziwe habari njema iliyomkuta yeye vibaya.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yote nimeyasoma kwa wengine: kwamba vitabu vyako bado unavyo, hakuna atakayekuja kuvichukua, kwamba mashujaa hawa hurudi. Yote ni kweli, na yote niliwahi kuambiwa mwaka 2011 yakanipita. Nikauweka mfuko wangu sakafuni bila kuufungua, nikavuta kiti. Nikamwambia anieleze, tangu lile jengo.

Dada yangu alitutengea chai akaenda kulala. Mtoto alianza na mpira wa chuma. Alipofika mahali ambapo mimi nilisoma, sikumwambia nimesoma. Alisimulia Krypto mbwa mweupe, akasimulia chumba cha kupanga na mama mwenye nyumba, akasimulia vitu ambavyo nilivipita kwa kuwa nilikuwa na hasira. Ilikuwa saa saba usiku alipomaliza. Akalitia toleo namba 52 kwenye mfuko wa plastiki, akaweka kadi nyuma, akabandika gundi kwa kidole gumba, akaniuliza aliweke boksi gani.

Nikaenda kuvuta lile la chini ya kitanda.